Wale wa Mifuniko

Mwalimu wangu Elifasi, shikamoo.

Darasani ulitufundisha kwamba barua huanza na salamu, kisha habari za mwandishi, ndipo unasema lililokufanya ushike kalamu. Salamu nimeshatoa. Habari zangu ni njema kiasi. Bado niko kwenye kibanda changu karibu na mnada hapa Mtinko, bado nashona sare za shule, na mama mgongo unamsumbua lakini anatembea. Lililonifanya nishike kalamu ndilo linalonishinda. Nimekuja kaburini kwako mara nyingi nikiwa nimelipanga kichwani, nikafagia, nikang'oa nyasi, nikaondoka sijasema. Mama Nathani huwa yuko pale, amekaa na kanga yake begani. Naona haya kumsema mwanawe mbele yake na mbele yako kwa pamoja.

Mwalimu, mteremko umefungwa. Vikapu vimeng'olewa. Na aliyesababisha ni Nathani wako.

Nimeandika. Sasa niruhusu nieleze polepole, maana nikikuachia hayo matatu tu utamfikiria vibaya mwanao, na mimi mwenyewe sijui kama nafikiria sawasawa.

Unakumbuka tulivyoanza? Yule mgeni aliyekuja kuchimba visima alikuachia mkoba wa visahani vya rangi, akakuonyesha mchezo wake nyuma ya madarasa, akaondoka zake. Sisi tulidhani utavifungia kabatini. Wewe ukaenda kwa fundi wa kuchomelea, mkatengeneza vikapu kwa rimu na minyororo ya baiskeli mbovu, ukavisimika kule kwenye mteremko wa mawe wa Mzee Jumanne, nyuma ya boma lake. Ukatukusanya wanafunzi wako wa zamani, tuliokuwa tumeshamaliza shule tukikaa tu, ukasema, "Huu unaitwa gofu ya visahani. Unasimama hapa, unarusha, unafuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kwenye minyororo. Anayefika kwa mirusho michache ndiye bingwa. Hakuna mpira wa kugombania, hakuna wa kumpiga mwenzake kiatu." Tukacheka. Mimi nilikuwa natazama kile kisahani cha njano kinavyoelea juu ya migunga kama hakina haraka ya kushuka, nikajua nimekamatwa.

Na watu wakaanza kusema. Walituita wale wa mifuniko. Watu wazima na akili zao, walisema, wanatupa mifuniko ya ndoo porini wakati wenzao wanapalilia. Wengine walisema kule kwenye mawe kuna bangi. Kanisani kwako mzee mmoja alisimama akauliza mwalimu anawafundisha vijana kazi au uzururaji. Upande wetu nako watu walimuuliza mama yangu ni binti gani Mwislamu anayevaa suruali na kukimbizana na wanaume vichakani. Mama aliificha ile suruali kwenye gunia la uwele. Nilivyolia siku ile!

Ulikuja nyumbani. Ulivua kofia mlangoni, ukakaa kwenye kigoda, ukala ugali na mlenda ukaumaliza, ukauliza habari za mbuzi na za shamba, ndipo ukasema, "Mama Zena, mimi sikuja kukubishia. Njoo uone mwenyewe. Ukikuta jambo la aibu, mchukue mwanao, na mimi mchezo naufunga." Mama alikuja na mwavuli. Alikaa juu ya jiwe jioni nzima na uso wa askari. Tuliporudi nyumbani alilalamikia jua tu. Kesho yake suruali ilikuwa juu ya kitanda changu, imefuliwa.

Halafu ile ya mbuzi wa Mzee Jumanne. Upepo wa kiangazi ulichukua kisahani cha mmoja wetu, ukakipeleka kule ambako hakuna aliyekitarajia, kikampiga mbuzi jike mwenye mimba. Baada ya siku chache akaharibu mimba. Vijana walisema tunyamaze, nani atajua kama ni kisahani. Wewe hukubishana nao. Ulitembea mpaka kwa mzee, ukakaa naye, ukasema ni sisi. Alikufokea mbele ya watoto wake, wewe mwalimu mzima, nawe ulikuwa unaitikia "Ndiyo mzee, ndiyo mzee." Msimu ule tulimvunia uwele wake wote. Mimi mikono iliniwasha wiki nzima. Lakini ulipokwisha, Mzee Jumanne akasema mteremko chezeni, haulimiki, mbuzi wangu watachungwa upande wa pili wakati wenu.

Kuanzia hapo ukatuwekea taratibu zako. Mtu akipita, asiyerusha amwambie anayerusha asubiri. Ukimkuta mkubwa, shikamoo kwanza, kisahani baadaye. Kikiingia kwenye mji wa mtu, usiruke ua, piga hodi. Pombe hapana. Takataka tunarudi nazo. Na kukiwa na msiba mtaani, hakuna mchezo, hata kama marehemu hatukumjua. Wavulana walinung'unika kwamba hizo si sheria za gofu. Ukasema, "Hawa jirani zetu hawajui sheria za gofu. Wanachojua ni kwamba umepita mlangoni kwao hukuwasalimia."

Watu walibadilika, Mwalimu, na mimi niliona kwa macho yangu. Nilikuwa nikipita mnadani na mfuko wangu wa visahani, mmoja wa ile niliyotushonea wote kwa turubai, akina mama wanasema huyu ni wa kwa Mwalimu Elifasi, wale wana adabu. Wazazi walileta mabinti wao wenyewe. Mzee Jumanne akawa na jiwe lake la kukalia, anakucheka: "Mwalimu, leo upepo umekushinda!" Nawe unajipangusa jasho unamjibu kwamba upepo wa Singida haujamzaa mtu wa kuushinda. Hata vijana wa Itigi walisikia, wakaja na treni mpaka Manyoni na basi mpaka huku, ukawafundisha, wakaenda kusimika vikapu vyao kule kwao karibu na reli. Nilidhani hali ile itakaa. Nilidhani mtu akishapata jina zuri, jina limekuwa lake.

Kisukari kikakuchukua mguu, halafu kikakuchukua mzima. Siku za mwisho wodini ulinishika mkono ukasema, "Mteremko ule si wetu, Zena. Usisahau." Nilidhani ni homa.

Kwenye mazishi Mzee Jumanne alikuja na mbuzi wawili. Alishika jembe akafukia na vijana, na umri wake ule, wakamwomba apumzike akakataa. Hukuona wewe. Nataka ujue.

Nathani alifika na basi kutoka Dodoma asubuhi ya mazishi. Hakulia. Alibeba jeneza, alipanga viti, alisimamia chakula, alishukuru watu kwa niaba ya familia kwa sauti iliyonyooka. Kila mtu alimsifia kwamba ni kijana jasiri. Mimi pia nilimsifia. Hakuna aliyejiuliza machozi ya kijana yule yako wapi.

Hakurudi Dodoma. Alisema kazi ataiacha kwanza, atakaa na mama yake. Akachukua mkoba wako wa visahani, akaja mteremkoni. Mwalimu, unajua mwenyewe anavyorusha. Kile kisahani chako chekundu, ambacho sisi wote kilitukataa, yeye alikizungusha kati ya yale mawe mawili makubwa kikaenda kulala kwenye minyororo kama kimeitwa. Vijana walimpenda siku hiyo hiyo. Nami nilifurahi. Nilisema moyoni, Mwalimu ametuachia mrithi.

Sijui ilianzia wapi hasa. Kwanza ilikuwa spika, muziki kidogo. Halafu marafiki wa kutoka mjini Singida, wanaoita visahani diski, wanaopiga kelele kisahani kikigonga mnyororo kana kwamba wamefunga goli. Halafu pombe, zile chupa ndogo za mfukoni. Chupa zikavunjikia kwenye mawe, mbuzi wa Mzee Jumanne mmoja akakatwa kwato. Mzee alikuja kusema kwa upole, Nathani akamjibu, "Sawa mzee, tumesikia," huku amegeuka anatazama kikapu. Shikamoo hakuna. Matusi yakawa ya kawaida, matusi ya nguoni, mbele ya mabinti waliokuja kujifunza. Mabinti wakaanza kupungua mmoja mmoja. Hakuna aliyeniaga.

Niliongea naye, Mwalimu. Nisikilize, niliongea. Nilimwita pembeni, nikamwambia baba yako hakutuachia hivi. Akacheka kwa mdomo tu. "Dada Zena, huu ni mchezo. Si kanisa, si msikiti. Wewe shona mifuko." Nilimwendea Mama Nathani. Alinisikiliza, akaendelea kupepeta mtama, akasema, "Anarudi usiku, halali. Nikimsemesha ananijibu vizuri kabisa. Ningefurahi hata angenifokea." Tukakaa pale wawili tunatazama ungo.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Bibi Hawa alifariki. Ndiyo, mke wa Mzee Jumanne, yule aliyekuwa anatuletea maji ya kunywa kwenye kibuyu. Alilala mchana, hakuamka. Tulimzika jioni ile ile kwa utaratibu wetu, na siku ya tatu tukakusanyika kwa hitima. Turubai lilifungwa uani kwa mzee, wanaume wamekaa kwenye mikeka na misahafu, sisi wanawake nyuma ya nyumba tunapika. Asubuhi yake niliwapigia vijana simu mmoja mmoja kuwakumbusha kwamba leo hakuna mchezo. Wote walisema sawa. Nathani hakupokea. Nikamtumia ujumbe. Nikaona ameusoma.

Nilikuwa nakoroga sufuria ya wali niliposikia spika. Kwanza nilidhani ni gari linapita barabarani. Halafu nikasikia minyororo, ile sauti tuliyokuwa tunaipenda, na kelele za ushindi. Wanawake wakanitazama mimi. Hawakutazama mteremkoni, walinitazama mimi, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wa mifuniko. Niliacha mwiko, nikajifunga kanga, nikaanza kukimbia kuzunguka nyumba. Sikufika. Kisahani kilipita juu ya ua, kile chekundu, chako, kikagonga nguzo ya turubai, kikaanguka kwenye mkeka katikati ya wazee waliokuwa wanasoma dua.

Dua ilikatika, Mwalimu. Shehe alifunga msahafu wake.

Mzee Jumanne aliinuka. Alikiokota, akakitazama, nafikiri alikijua. Akatoka peku, vile vile alivyokuwa amekaa mkekani, akapanda mteremko. Vijana wa msibani wakataka kumfuata kwa fimbo, akawarudisha kwa mkono. Mimi nilimfuata. Tulipofika, wale wengine walishazima muziki, wanatazama chini. Nathani alikuwa amesimama juu ya jiwe. Macho mekundu. Mzee akasema tu, "Mwanangu, kuna msiba." Hivyo tu. Hakufoka.

Na Nathani wako akamjibu. Nitayaandika kama yalivyo, kwa sababu yalienda mbali mno na huko yalikofika yalifika yamekatwa. Alisema, "Rudisha diski, mzee, usituharibie mchezo. Mtu akifa amekufa. Mbona watu wanakufa kila siku?" Mzee akabaki ameshika kisahani. Nathani akapaza sauti, "Baba yangu alipokufa nani alisimamisha kitu? Nani? Mlikula, mkanisifia, mkaenda kwenu! Toka hapa, mzee, toka!" Na hapo akaongeza tusi, la mama, ambalo siwezi kukuandikia.

Nilijiweka katikati yao. Nilinyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. Mzee Jumanne aliweka kisahani chini, taratibu, kama mtu anayeweka chombo kinachovunjika, akageuka akateremka. Miguu yake ilikuwa inatafuta pa kukanyaga kati ya vioo vya chupa. Nilitaka kumshika mkono, akasema, "Niache, binti."

Mmoja wa wale marafiki wa mjini alikuwa anarekodi kwa simu. Kufika jioni video ilikuwa Mtinko yote. Kesho yake ilikuwa Singida mjini, na baadaye sijui wapi, kila mahali. Yale maneno ya "Baba yangu alipokufa" hayamo, alikata. Kilichobaki ni "Rudisha diski, mzee" na lile tusi, na mzee peku. Juu yake wameandika, Hawa ndio wacheza gofu wetu. Watu wasiotufahamu wameongeza yao: wahuni, wavuta bangi, watoto waliokosa malezi. Wapo waliouliza ni mtoto wa nani, na wapo waliojibu. Jina lako limeandikwa pale, Mwalimu. Nilitamani nilifute kwa kidole. Nililigusa kwenye kioo cha simu nikalisugua, kama mjinga.

Nilienda mjini kununua vitambaa. Yule mama Mhindi mwenye duka, anayenitunziaga vipande vya turubai kwa ajili ya mifuko yetu, aliyekuwa amesema wajukuu wake watakuja kucheza wakifunga shule, alinionyesha simu yake. "Zena, hawa si ndio wenzako?" Hakuniuliza kwa ubaya. Nikasema ndiyo mama, ndio wenzangu. Ningesema nini? Nianze kumweleza habari za mbuzi na uwele tuliovuna? Alinifungia vitambaa vyangu, safari hii hakuna aliyezungumza habari za wajukuu.

Vijana wa Itigi walinipigia. Wao hawajamtukana mtu, hawanywi, wanafuata kila ulichowafundisha. Wameambiwa waondoe vikapu vyao karibu na reli kabla havijang'olewa. Kiongozi wao aliniuliza, "Dada, sisi tumekosa nini?" Nikamwambia sijui.

Shuleni kwako visahani vya watoto vimefungiwa. Mwalimu mkuu alinieleza kwa huzuni ya kweli kwamba wazazi wamemjia juu.

Halafu ukaitishwa mkutano wa kijiji. Nilijiandaa. Nilivaa gauni la heshima, nilijisemea maneno barabarani: kwamba mkosaji ni mtu na si mchezo, kwamba mabinti wetu wamepata mahali pa kucheka, kwamba tutaomba radhi kwa mzee, tutaokota kila kioo, tutamlimia. Mwenyekiti akaniita mbele. Nikasema, "Shikamooni wazee wangu." Wakaitikia. Na nikaona upande wa pili Mama Nathani amekaa peke yake kwenye benchi, akina mama wameacha nafasi huku na huku kama vile ana ugonjwa wa kuambukiza. Nililia mbele ya kijiji kizima, Mwalimu. Mama yangu ndiye aliyekuja kunishika, na mgongo wake ule, akanirudisha nikakae.

Walimuuliza Mzee Jumanne. Nilikuwa namwomba Mungu afoke. Angefoka tungempigia magoti, tungejua pa kuanzia. Akasema, "Mwalimu alikuwa mtu wangu. Mteremko nilimpa yeye. Mwalimu hayupo." Akakaa. Hakumtaja Nathani hata kwa jina. Watu wakanyoosha mikono kwamba mteremko ufungwe, ikaisha.

Vikapu waling'oa kesho yake. Kimoja nimekiona kwa jirani, amefungia vifaranga. Mashimo yamebaki, upepo unayajaza mchanga. Juzi nilipita nikaokota vioo. Nilijaza ndoo, nikarudi tena nikajaza nyingine, na bado vipo vimejificha chini ya mawe. Mbuzi wanachungwa tena pale. Mzee Jumanne aliniona kwa mbali. Nilimwamkia kwa sauti, akaitikia, akaendelea na mifugo yake. Jiwe lake hakulikalia.

Na Nathani. Baada ya video alijifungia chumbani kwako. Tulimpelekea chakula mlangoni. Siku moja alifungua, nikaingia, nikamkuta amekaa sakafuni ameegemea kitanda chako, koti lako la kazi liko magotini. Nikakaa naye sakafuni. Nikamwambia twende kwa mzee, nitakusindikiza, mama yako atakusindikiza, hatuhitaji hotuba, utapiga goti tu. Akaniuliza, "Nikienda nitasema nini, Dada Zena? Yule mke wake alikuwa ananipa maji." Mdomo ulimcheza. Nilidhani sasa atalia. Nilingoja. Hakulia. Alikunja koti vizuri, mkono juu ya mkono, akaliweka juu ya kitanda, akasema anataka kulala.

Asubuhi alikuwa ameondoka na lori la alizeti. Tumesikia yuko Kintinku, anapakia mizigo, analala kwenye ghala la mtu. Hata kule wamemtambua. Wanamwita "Rudisha Diski". Mama yake mdogo aliyekwenda kumtazama alisema anaitika kabisa, kama ndilo jina lake.

Nakulaumu kidogo, Mwalimu. Nisamehe, lakini nakulaumu. Ulituachia taratibu zote zile, na zote zilikuwa zimefungwa kwako. Wewe ukisema "msalimie" tunasalimia. Mimi nikisema, ni fundi cherehani anapiga kelele. Ungekuwapo ungekwenda Kintinku ungemrudisha, ungekwenda kwa Mzee Jumanne ungekaa ufokewe mpaka jua lizame. Mimi nilikwenda Kintinku. Nilimkuta hayupo, au walinidanganya hayupo. Nilikaa kwenye gunia mpaka basi la mwisho, nikarudi.

Mabinti wawili bado wanakuja kibandani. Wanasimama mlangoni, hawaulizi moja kwa moja. Wanashika ile mifuko inayoning'inia, wanaangalia ndani kama kuna visahani. "Dada, tutacheza lini?" Nawapa vipande vya vitambaa washonee wanasesere, ingawa wameshakuwa wakubwa, nao wanavichukua ili wasiniudhi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sina la kuyarekebisha. Nimeyageuza huku na kule kama kitambaa kilichokatwa vibaya, hakitoshi upande wowote.

Ila kuna moja, la jana, nalo nikueleze halafu nikuache. Nilikuwa kwa Mama Nathani namsaidia kuanika mboga. Simu yake ikaita, namba ngeni. Akapokea, akasema haloo, haloo, hakuna jibu. Akaiweka kwa sauti na mimi nisikie. Kulikuwa na upepo tu na mtu anapumua. Mama Nathani akasema, "Baba, ni wewe?" Halafu ile sauti, imekauka, ikauliza, "Mzee Jumanne hajambo?" Mama akajibu haraka, "Hajambo, mwanangu, hajambo, anachunga." Tukasikia kama mtu anakohoa, halafu ikawa si kikohozi. Ikaendelea. Mama Nathani alishika simu kwa mikono miwili, akamwacha. Ikakatika yenyewe.

Tulipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Lala salama, Mwalimu. Sitakuahidi mteremko wala vikapu, hayo hayako mikononi mwangu, na jina tulilokuwa nalo sijui linarudishwaje. Nakuahidi hili dogo. Siku Nathani atakaposhuka kwenye lori hapa Mtinko, iwe nimeacha nguo ya mtu nusu, iwe mvua, nitatembea naye mpaka kwenye ua wa Mzee Jumanne. Nitapiga hodi mimi. Na wakitufukuza, tutarudi wote wawili.

Mwanafunzi wako,
Zena